Tiba ya Kukosa Usingizi Inayoanza kwa Kukutoa Kitandani

Mtu amekesha kwa miezi. Macho yamemwingia ndani, kichwa kizito, mchana anasinzia huku watu wanaongea naye. Anajikokota hadi kwa mtaalamu akitarajia kupewa kitu cha kumlaza. Mtaalamu anamsikiliza, anamuuliza maswali mengi, anamwomba ajaze karatasi fulani kila asubuhi kwa wiki moja au mbili. Anaporudi na karatasi zake anaambiwa: kuanzia leo usipande kitandani kabla ya saa sita na nusu usiku, na saa kumi na mbili asubuhi kengele ikilia uamke, hata kama ndiyo kwanza ulikuwa umepata lepe la usingizi.

Wengine hucheka wakisikia hivyo. Mimi nilikasirika. Niliona nimekuja na shida moja, naondoka na mbili. Lakini hiyo ndiyo tiba ninayoitetea leo kwa yeyote anayenilalamikia kwamba usingizi umemkimbia, na nataka kueleza kwa nini kitu kinachosikika kama adhabu ndicho kiini cha tiba yenye ushahidi mzito kuliko nyingine zote kwa watu wazima wa aina yetu.

Tiba yenyewe inaitwa tiba ya utambuzi na tabia kwa kukosa usingizi. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kilitoa mwongozo unaosema kila mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanzishiwe tiba hii kwanza, kabla ya dawa. Mwongozo wa Ulaya wa 2017 ukasema hivyo hivyo, na ulipohuishwa mwaka 2023 msimamo haukubadilika. Hata hivyo watu wengi ninaokutana nao hawajawahi kuisikia. Wanajua vidonge, na wanajua ile orodha ya makatazo: usinywe kahawa, zima simu, oga maji ya uvuguvugu. Orodha hiyo nina ugomvi nayo, nitaufikia.

Kwanza tuelewane ni nani tunayemzungumzia. Mwenye mtoto mchanga hakosi usingizi, anakosa nafasi ya kulala. Vivyo hivyo anayefanya kazi zamu mbili. Tatizo sugu, kwa vigezo wanavyotumia madaktari, ni la mtu ambaye nafasi anayo, kitanda anacho, giza lipo, na bado usingizi unampotea usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana wake unaharibika kwa sababu hiyo. Wengine hawashikwi na usingizi mwanzoni mwa usiku. Wengine wanalala vizuri tu, halafu saa nane usiku macho kodo. Wengine wanaamka alfajiri mno na ndiyo basi tena.

Kwangu mimi kilichoanzisha kilikuwa ugonjwa wa mama. Alilazwa, nikawa nalala na simu kifuani, ikitikisika tu moyo unanilipuka. Hakuna daktari ambaye angeniita mgonjwa wakati ule; wa kushangaza ni yule ambaye mama yake yuko wodini naye analala fofofo. Mama akapona, akarudi nyumbani, akaanza hata kunigombeza kama zamani. Usingizi wangu haukurudi naye.

Hapo ndipo mawazo ya Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa Marekani, yalipoanza kuniingia. Yeye aligawanya tatizo hili katika sehemu tatu. Kuna kinachokuandaa: maumbile yako, wasiwasi wa kuzaliwa nao, ukoo wenye usingizi mwepesi. Kuna kinachoanzisha: msiba, ugonjwa, kufukuzwa kazi, talaka. Na kuna kinachodumisha. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika, kwa sababu sisi huendelea kumsaka mwanzilishi wakati yeye alishaondoka zamani. Kinachodumisha ni yale tunayoyafanya usiku na mchana ili kupambana na kukosa usingizi.

Na ukiyatazama moja moja, yote yana akili. Jana sikulala, basi leo nipande kitandani mapema, saa tatu na nusu, nijipe nafasi. Asubuhi nimechoka, nijilaze nusu saa zaidi. Jumamosi nifidie hadi mchana. Alasiri nijinyooshe kidogo kwenye kochi. Nikialikwa mahali jioni nikatae, nisije nikachelewa kulala. Hakuna hata moja ambalo jirani mwema asingekushauri. Tatizo ni hesabu yake ikijumlishwa. Mwili unaoweza kutoa saa 5 na nusu za usingizi sasa unakaa kitandani saa 9, na huo usingizi unakuwa shuka dogo kwenye kitanda kikubwa: ukivuta huku, kule kunabaki wazi. Yale matundu yanayobaki ndiyo saa za kujigeuzageuza, za kusikiliza friji, za kupiga hesabu kwamba nikilala sasa hivi bado nitapata saa 4, nikilala sasa hivi bado nitapata 3.

Halafu kitanda nacho kinajifunza. Hili aliliona Richard Bootzin, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, ambaye mwaka 1972 alieleza njia ya kutibu kwa kukirudishia kitanda maana yake. Mantiki yake ni ileile ya mbwa wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, waliozoea kengele hadi mate yakawa yanawatoka hata chakula kisipokuwepo. Mtu anayelala vizuri, kitanda chake kimeunganishwa na usingizi kiasi kwamba akigusa mto tu mwili unalegea. Mtu aliyehangaika kitandani usiku baada ya usiku, chake kimeunganishwa na mahangaiko. Akigusa mto, mwili unasimama dede.

Kuna dalili moja ya jambo hili ambayo kila nikiitaja kwa watu wanaokosa usingizi, wanashtuka kana kwamba nimechungulia dirishani kwao. Wanasinzia kwenye kochi mbele ya televisheni, kichwa kinaanguka, mdomo wazi, koroma kabisa. Mtu anawagusa bega: nenda ukalale. Wanajikokota chumbani, wanazima taa, wanajifunika, na usingizi wote umeyeyuka. Dakika 5 zilizopita walikuwa wamelala! Wengine hulala kama pono ugenini, kwenye kitanda kibovu cha kubahatisha, na hawalali kwenye godoro lao zuri la nyumbani. Kama shida ingekuwa kwamba mwili umesahau kulala, kochi lingetoa wapi usingizi?

Mshauri wangu, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alinikatiza siku ile nilipokuwa nikimlalamikia kwamba nimeshindwa kulala.

"Mwanangu, hapa sikufundishi kulala. Kulala unajua tangu tumboni."

"Sasa mama, mbona silali?"

"Kwa sababu unafanya kazi ya usingizi badala yake. Tutakunyang'anya hiyo kazi."

Masharti ya Bootzin ni machache na hayana huruma. Panda kitandani ukiwa na usingizi, si ukiwa umechoka tu, maana mtu anaweza kuchoka hadi mifupa na macho yakawa makavu. Kitanda ni cha kulala na cha tendo la ndoa. Kula, simu, kazi, kugombana na kupanga bajeti vitafutiwe mahali pengine. Ukikaa kitandani kiasi cha robo saa au dakika 20 bila kulala, toka, nenda chumba kingine, au angalau kiti kingine, urudi pale tu macho yanapokuwa mazito. Ikibidi kurudia, rudia, hata usiku mzima. Amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo. Usilale mchana.

Zile dakika huzipimi kwa saa. Unakisia. Saa yenyewe unaigeuza itazame ukuta au unaitoa chumbani kabisa, kwa sababu kutazama saa usiku ni kufungua daftari la madeni.

Katika yote haya, gumu kuliko yote ni kufunua shuka. Nitalieleza hili kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokatia tamaa, na vitabu hulipita kwa sentensi moja. Ni usiku wa manane. Umelala chali, joto la mwili wako limekwishajaa kitandani, nje ya shuka kuna baridi. Akili inakupa hoja za kiwakili: ukiinuka utauamsha mwili kabisa; ngoja kidogo, ulikuwa karibu; hata kupumzika tu macho yakiwa yamefumbwa ni faida. Hoja hii ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo inayokifundisha kitanda somo baya. Kilichonisaidia ni maandalizi. Mchana niliweka kiti pembeni mwa sebule, taa yenye mwanga hafifu, kitu cha kujitanda, na kikapu cha nguo zilizofuliwa. Nilikunja nguo. Shati, mikono nyuma, kunja mara mbili, weka. Kazi haina mwisho wa kusisimua, haina mwanga wa kioo usoni, haina habari mpya. Kuna usiku nilikunja kikapu chote nikakifumua tena. Kisha, bila kutangaza, kichwa kinaanza kuanguka, na hapo ndipo unapoondoka kwenda kitandani, mara moja, kabla hujaanza kufurahi kwamba usingizi umekuja.

Sasa turudi kwenye saa sita na nusu.

Karatasi zile za mwanzo ni shajara ya usingizi. Kila asubuhi unaandika ulipanda kitandani saa ngapi, unakisia ulichukua muda gani kulala, uliamka mara ngapi na kwa muda gani, ulitoka kitandani saa ngapi. Makisio yanatosha, anayetaka usahihi wa dakika ataishia kukesha akihesabu. Kutokana na shajara hiyo mtaalamu anapata wastani. Tuchukue mfano wa yule wa saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kitandani saa 9, usingizini saa 5 na nusu. Gawanya, zidisha kwa 100: ufanisi wa usingizi wake ni asilimia 61. Wanaolala vizuri huwa juu ya 85.

Spielman na wenzake wawili walichapisha mwaka 1987 njia ya kulitibu pengo hilo, na ni rahisi hadi inakera: muda wa kitandani upunguzwe ulingane na usingizi uliopo. Saa ya kuamka inawekwa kwanza na haisogei. Tuseme saa kumi na mbili asubuhi. Unahesabu kurudi nyuma saa 5 na nusu, unafika saa sita na nusu usiku. Huo ndio mlango wako wa usingizi; kabla ya hapo kitanda hakikujui. Ukiwa unalala kidogo sana, hata kama shajara inasema saa 3, mtaalamu makini hatakushusha chini ya saa 5 kitandani. Wiki inapita, mnapiga hesabu upya. Mtu wetu pengine amelala wastani wa saa 5 tu, pungufu kuliko mwanzo, lakini ni 5 kati ya 5 na nusu: asilimia 91. Hapo anaongezewa dakika 15, anapanda kitandani saa sita na robo. Wiki nyingine ikienda vizuri, dakika 15 tena. Akishuka chini ya asilimia 85, anabaki alipo au anapunguziwa kidogo. Hivyo hivyo, robo saa kwa robo saa, hadi afike kiasi ambacho mchana wake unakaa sawa.

Kinachofanya kazi hapa ni kitu cha kibaiolojia kabisa. Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich, alieleza mwaka 1982 kwamba usingizi unaendeshwa na mambo mawili yanayokutana. Moja ni saa ya ndani ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Jingine ni msukumo wa usingizi, unaojengeka kila saa unayokaa macho. Ubongo unakusanya kemikali, mojawapo adenosini, na kadiri zinavyojaa ndivyo macho yanavyozidi kuwa mazito. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai, haiondoi huo mzigo, inaziba tu sehemu ambazo adenosini ingeshikia. Anayelala alasiri kwenye kochi anautumia msukumo wake kabla ya wakati. Anayelala hadi saa tatu asubuhi anaanza kuujenga akiwa amechelewa, na usiku saa nne mwili haujawa na cha kumlaza. Ukibana muda wa kitandani, msukumo unajaa hadi unazidi nguvu ya wasiwasi. Ndiyo maana tiba hii humlaza hata asiyeiamini. Na kuamka saa ileile kila siku kunaishikisha adabu ile saa ya ndani.

Wiki ya kwanza ni mbaya. Sitaipamba. Saa nne hadi saa sita usiku ndipo vita ilipo. Ukikaa umesinzia, ukilala umeharibu. Nilipiga pasi nguo nimesimama, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mchana nilikuwa mzito, mkali kwa watu wasio na hatia. Halafu kuna usiku mmoja, katikati ya wiki iliyofuata, nilipanda kitandani na kumbukumbu inayofuata ni kengele. Baada ya muda mrefu wa kuyajua masaa yote ya usiku kwa sura, lile pengo tupu lilinishangaza kuliko ndoto yoyote.

Kwa sababu usingizi wa mchana katika wiki hizo ni wa kweli, kuna watu ambao hawapaswi kuijaribu sehemu hii peke yao, na wengine hawapaswi kabisa. Mwenye ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kwa sababu kupunguza usingizi kunaweza kumwashia mania, yaani msisimko uliopitiliza. Mwenye kifafa, kwa sababu kukosa usingizi huchochea degedege. Anayetembea usingizini. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, ambaye hajapimwa wala kutibiwa. Huyo shida yake ni nyingine. Na dereva, au anayeendesha mashine, au anayepanda juu ya majengo kikazi. Zipo njia za polepole, ambapo muda wa kitandani unapunguzwa kidogo kidogo badala ya kukatwa kwa mkupuo, na wazee mara nyingi hupangiwa hiyo.

Upande wa akili nitaupa nafasi ndogo kuliko unaopewa kawaida, kwa kuwa naamini hufuata nyuma ya mwili. Lakini upo. Charles Morin wa Kanada alifanya kazi kubwa ya kuonyesha jinsi imani zetu kuhusu usingizi zinavyouharibu: kwamba bila saa 8 nitaugua, kwamba usiku mmoja mbaya umeniharibia wiki, kwamba kosa lolote nililofanya kazini leo lilitokana na jana. Mtaalamu hakuambii "usiwaze." Anakurudisha kwenye shajara. Siku ile uliyolala saa 4, ulifanya nini? Ulifika kazini, uliandika ripoti, ulicheka na mtu. Vibaya kuliko kawaida, ndiyo. Maafa, hapana. Ukilinganisha siku nyingi hivyo, ule woga wa saa tatu usiku unapungua makali.

Kwa mawazo yanayosubiri taa izimwe ndiyo yaanze mkutano, kuna muda wa wasiwasi. Mapema jioni unakaa na karatasi, unaandika yanayokusumbua, na pembeni mwa kila moja hatua moja ya kesho, hata kama ni "hakuna la kufanya hadi Alhamisi." Yakirudi usiku, yana kwao. Na kuna lile zoezi la kinyume, ambalo mzizi wake ni Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna: lala gizani, fumbua macho, jaribu kwa upole kubaki macho. Usipambane, usisimame, wewe kataa tu kulala. Colin Espie, mtafiti wa Uingereza, ameeleza vizuri kwa nini lina mantiki: anayelala vizuri hafanyi juhudi yoyote, na juhudi ndiyo inayomfukuza usingizi yule anayeutafuta. Ukibadilisha lengo likawa kukesha, hakuna tena cha kushindwa.

Mazoezi ya kulegeza misuli, kukaza ngumi na kuiachia, bega, taya, mguu, ni mazuri. Yafanye mchana. Ukiyabeba kitandani kama dawa ya kulala, nayo yanageuka juhudi.

Niliahidi ugomvi. Ile orodha ya kanuni za kulala vizuri ilipata umaarufu kupitia Peter Hauri, mtaalamu wa usingizi wa Marekani, miaka ya 1970, na ndani yake kuna mambo ya kweli. Kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 5, kwa wengine zaidi, kwa hiyo kikombe cha jioni bado kipo usiku. Pombe inakulaza haraka na kukuamsha nusu ya pili ya usiku. Sawa. Lakini mwaka 2021 chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilishauri orodha hiyo isitolewe peke yake kama tiba ya tatizo sugu. Na kuna jambo ambalo mgonjwa anayekabidhiwa ile karatasi hakuna anayemwambia: katika majaribio mengi ya kitabibu, orodha hiyo ndiyo hupewa kundi la kulinganishia, lile ambalo halipati tiba inayopimwa. Kwa hiyo mtu aliyekesha miezi 6, akapewa karatasi ya "epuka chai jioni" na kuagwa, amepewa sehemu ya wale wasiotibiwa. Kisha anarudi nyumbani, anafuata masharti yote, halali, anahitimisha kwamba tiba za tabia hazifanyi kazi kwake. Hilo linanikera mno. Wengi nilioongea nao waliosema "nimeshajaribu mambo ya tabia, hayanisaidii" walikuwa wamejaribu orodha, na orodha ikawa mzigo mwingine: pazia nene, mto maalum, manukato, saa ya mkononi inayowapigia alama asubuhi. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2017 wagonjwa waliokuwa wakikosa usingizi kwa kuhangaikia alama za vifaa hivyo. Mtu anaamka amepumzika, kifaa kinamwambia hajalala vizuri, anaamini kifaa.

Tiba kamili inaleta nini basi? Uchambuzi mmoja uliojumlisha majaribio 20, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba waliotibiwa walishikwa na usingizi mapema kwa wastani wa dakika 19, na muda wa kukaa macho katikati ya usiku ukapungua kwa dakika 26. Jumla ya usingizi? Iliongezeka kwa dakika 8 hivi tu. Namba hiyo ya mwisho huwavunja watu moyo, na mimi naiona ndiyo yenye siri ya jambo zima. Kwa wastani, mtu anapona bila kulala zaidi sana. Anapona kwa kuwa usingizi wake umekusanyika pamoja na usiku umeacha kuwa uwanja wa mapambano. Jumla huendelea kupanda polepole baada ya tiba kwisha, lakini anayeanza akitarajia saa 8 ndani ya mwezi ataacha njiani.

Kuhusu vidonge sina vita. Vinafanya kazi usiku vinapomezwa, na kuna nyakati mtu anavihitaji. Morin na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti uliolinganisha tiba hii peke yake na tiba hii pamoja na kidonge cha zolpidem. Waliofanya vizuri zaidi kwa muda mrefu ni walioanza na vyote viwili kisha wakaacha kidonge huku tiba ikiendelea. Anayetumia dawa za kundi la benzodiazepini, zile za kutuliza na kulaza, kwa muda mrefu asiziache ghafla. Kuna hatari ya kweli, ikiwemo degedege, na usingizi huvurugika kwa kishindo mtu akidhani ni ugonjwa wake umerudi. Zinapunguzwa taratibu, na daktari akijua.

Kikwazo kikubwa ni watu wa kuitoa tiba hii. Wataalamu ni wachache popote unapokwenda. Lakini si lazima awe bingwa. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lenye watu wazima 642, liliwatumia wauguzi wa zahanati za kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Kwa vikao 4 tu walifundisha wagonjwa kubana muda wa kitandani, na miezi 6 baadaye wagonjwa hao walikuwa na nafuu kuliko waliopewa kijitabu cha ile orodha peke yake. Zipo pia programu za simu na kompyuta zinazokupeleka hatua kwa hatua, na mwaka 2022 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilipendekeza moja iitwayo Sleepio itumike kama mbadala wa dawa za usingizi.

Usiku mbaya bado huja kwangu. Mama akikohoa kwenye simu, siku hiyo nimekwisha. Ninachofanya kesho yake ni kutofanya kitu: naamka saa ileile, silali mchana, siwahi kitandani. Ikifululiza hadi wiki ya pili, natoa shajara, napiga hesabu, nabana mlango tena kwa siku chache.

Kama unatafuta mtaalamu, muulize maswali mawili kabla hujalipia kikao cha pili. Je, atataka nijaze shajara kila asubuhi? Je, atanipangia saa ya kupanda kitandani na saa ya kutoka, na kuzibadilisha kila wiki kulingana na hesabu? Akikujibu kwa kukukabidhi karatasi ya makatazo na kukutakia usiku mwema, tafuta mwingine.